Kudunda Marufuku

Nairobi,
2 Juni 1996

Mwanangu Muoki,

Salamu kutoka nyumba namba kumi na saba, mlango ule ule, rangi ile ile, ila kitasa ni kipya kwa sababu baba yako mdogo Nzau alipoteza ufunguo sokoni Gikomba na akakana kwa siku tatu. Sisi ni wazima. Nzau bado anachonga twiga kule kwa wachongaji wa Majengo, bado anakohoa vumbi la mbao, na bado anakataa kujifunga kitambaa mdomoni, eti mkewe si daktari. Mimi tangu nistaafu ukarani naamka alfajiri kama kawaida, nachemsha chai, halafu nakumbuka sina pa kwenda. Kaburi la marehemu mama yako, dada yangu Mwongeli, tulilipalilia wakati wa Pasaka. Wewe hujalitia machoni miaka sita sasa. Sikulaumu, nasema tu.

Haya, nisikuzungushe. Unakijua kile kiwanja cha saruji nyuma ya ukumbi wa mtaa, ulichokulia juu yake ukinivunjia vioo vya dirisha. Tangu uondoke hakuna aliyekichezea. Watu wanaanika mahindi na blanketi. Sasa mwezi wa nne amekuja mtu na vigingi na kamba. Kuna tajiri anataka kujenga maduka hapo. Tajiri mwenyewe hatujamwona uso, tunamwona mtu wake tu, Bwana Lusweti, kijana wa tai na viatu vya kung'aa, anayetembea juu ya saruji yetu akihesabu hatua.

Tuliondoka akina mama tisa tukaenda baraza la jiji, tukapelekwa ofisi hii na ile mpaka tukamfikia afisa mmoja, Bi Wakiuru. Huyo mama hana maneno mengi. Alikunjua ramani, akaweka kidole, akasema: "Hapa pameandikwa uwanja wa basketi. Kama unatumika kwa basketi, hakuna wa kuugusa. Kama hautumiki, sitakuwa na la kuwatetea. Nitakuja kujionea kwa macho yangu Jumamosi ya mwisho ya Agosti."

Kwa hiyo tumeamua. Likizo ya Agosti tunafungua kambi ya basketi hapo hapo, kuanzia tarehe 12. Watoto wa miaka minane hadi kumi na saba, waje asubuhi, wale uji, wacheze, warudi kwao jioni. Bwana Lusweti hawezi kupigilia kigingi katikati ya watoto thelathini. Kitu kimoja tu hatuna, nacho ni mwalimu. Nimeshawaambia wote kwamba mwalimu yuko, anacheza Mombasa, na ni mwanangu.

Njoo, Muoki. Omba ruhusa kwenye timu yako, wiki tatu tu. Na uje na zile raba. Magan hajaacha kuuliza. Kila nikipita kibanda chake cha viatu pale Gikomba anapiga kelele, "Mama Nthoki, raba zangu bado zinaruka?" Unakumbuka alivyofungua marobota kumi na moja ya mitumba kukutafutia saizi kumi na tatu, na mtaa mzima ukasimama kukuangalia ukizivaa siku ya kwenda Mombasa. Watoto wa siku hizi wanadhani ni hadithi.

Ni mimi mama yako mdogo,
Nthoki


Mombasa,
7 Julai 1996

Mwaitu, mama yangu,

Barua yako ilinifikia zamani kidogo, nisamehe kukawia. Mimi ni mzima. Huku joto limepungua na chumba changu hatimaye kimewekewa wavu wa mbu dirishani, kwa hiyo nalala kama mtoto. Mpe pole baba mdogo kwa kikohozi, na mwambie twiga hachongwi kwa mapafu.

Habari ya uwanja imenichoma. Nilidhani vitu vingine haviwezi kuguswa. Msikubali, mama. Hiyo kambi ni wazo zuri sana.

Kuhusu mimi kuja, mwezi wa Agosti ratiba imebana. Kuna safari, kuna mazoezi, na kuna mambo mengine ya timu ambayo ni marefu kuyaeleza kwa kalamu. Lakini usihofu. Wewe ulicheza netiboli ya shule mpaka mkabeba kikombe, na kikombe chenyewe ndicho tunachowekea sukari. Mpira ni mpira. Wafundishe kupasiana, kulenga na kutii firimbi, mengine yatakuja yenyewe. Nimempa Muasya wa lori mpira mmoja mzuri na firimbi, atakuletea akipanda Nairobi.

Magan mwambie raba ni nzima.

Wako,
Muoki


Nairobi,
18 Agosti 1996

Mwanangu Muoki,

Nakuandikia miguu ikiwa ndani ya karai la maji ya chumvi. Baba yako mdogo anakusalimu. Kikohozi kimetulia kwa sababu wiki nzima hakwenda kuchonga, nimemfanya mpishi wa uji. Muasya alileta mpira na firimbi, Mungu ambariki, akakataa chai, akaondoka kama anayefukuzwa. Sijui ana nini na mimi huyo.

Nilisikitika kwamba huji. Nimeandika na nimemaliza. Sasa sikiliza habari njema.

Tuna watoto thelathini na wanne! Nilitegemea kumi. Tumeanza Jumatatu, na wiki moja tu imewatosha kupata adabu. Ulisema mpira ni mpira, na kweli, nilipoushika tu mikono ikakumbuka. Nimewapanga saba upande huu, saba upande ule. Nzau alinikatia magunia ya unga, nikayashona vifuani na herufi zao: GS wa kufunga, GA wa kumsaidia, C wa katikati, kila mtu na eneo lake. Keynan, mvulana wa miaka kumi na sita anayejiona, mwenye fulana ya mtumba yenye picha ya fahali, amepata WD, mlinzi wa pembeni, na hana furaha. Siku ya kwanza alinijia na hicho Kiswahili chao.

"Mathe, kwa TV huwa ni wasee watano."

"TV yenyewe ni ndogo," nikamwambia, "saba watatosha wapi?"

"Na kudribo je? Basket ni kudunda, manze!"

Nikapiga firimbi mpaka njiwa wa ukumbini wakaruka. Hilo la kudunda nimelipiga marufuku kabisa. Nimewaambia: nililea mdundaji mmoja, akanigharimu vioo vinne. Kudunda ni madaha ya Muoki, si mchezo. Hapa ukidaka mpira unasimama kama umeona nyoka, unahesabu moja mbili tatu kimoyomoyo, unamtupia mwenzako. Anayedunda hapati uji. Wananung'unika, lakini mpira ni mmoja na unalala chini ya kitanda changu, kwa hiyo wanafuata.

Na wanajua kupasiana, Muoki! Ungewaona. Mpira haugusi chini dakika nzima. Aliye bora kuliko wote ni Kawsar, binti wa Saado muuza vitambaa. Ana miaka kumi na minne na akisimama anafika kizingiti cha juu cha mlango wa ukumbi. Saado alikubali kwa masharti mawili, binti acheze na dera lake na hijabu yake, na mimi niwepo muda wote. Nikamwambia mimi mwenyewe naamua mchezo nikiwa na leso kiunoni. Sasa Saado anakuja na kiti chake anakaa ukutani, na sukari ya uji inatoka kwake.

Ubao wa nyuma ya ringi haupo tena, nadhani ulimchemshia mtu maharagwe miaka iliyopita. Nzau alitaka kupiga mwingine, nikamkataza. Goli halihitaji mgongo.

Bwana Lusweti alipita Alhamisi, akasimama kwenye kona, akatazama mchezo kwa muda mrefu huku amekunja uso, akaondoka. Nafikiri tumemtia hofu. Zimebaki siku kumi na tatu Bi Wakiuru aje. Nikifumba macho usiku naona mabati yamezunguka uwanja. Nikiwa na firimbi mdomoni siyaoni.

Mama yako mdogo,
Nthoki


Mombasa,
24 Agosti 1996

Mwaitu,

Salamu baadaye. Simamisha kila kitu.

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, nikakaa chini pale pale. Mama, hiyo unayofundisha ni netiboli. Si basketi hata kidogo. Bi Wakiuru akija na kitabu cha sheria mkononi, kiwanja kimekwenda.

Zimebaki siku saba. Fanya hivi. Wachezaji ni watano, si saba, Keynan alisema kweli, mwombe radhi. Hakuna herufi vifuani, kila mmoja anakwenda popote na yeyote anaweza kufunga. Ubao wa nyuma ni lazima, kwa sababu mpira unagongwa hapo ndipo uingie, kwa hiyo mwachie baba mdogo apige mbao leo hii, na uwe mpana, mikono ya mtu mzima ikinyooshwa. Na kudunda, mama yangu, kudunda ndiyo njia pekee ya kutembea na mpira. Anayetembea bila kudunda amekosa. Yale madaha yangu ndiyo mchezo wenyewe.

Kosa ni langu. Niliandika mpira ni mpira kwa sababu nilitaka ile barua iishe. Nilijua hujui basketi. Miaka yote nikicheza ulikuwa umefumba macho ukiniombea nisivunjike.

Nimepiga simu dukani kwa Saado mara tatu, inalia tu. Naituma hii leo na kuiombea mbio.

Utajiuliza kwa nini nisipande basi leo nije mwenyewe. Naomba usiniulize. Siwezi kuja kusimama hapo mbele ya watu na raba zile. Usiniulize, mama.

Muoki


Nairobi,
8 Septemba 1996

Mwanangu Muoki,

Sote tu wazima, tena wazima sana. Kaa vizuri, maana hii ni ndefu.

Barua yako ya tarehe 24 nimeipata juzi Ijumaa. Ndindi, karani wa kanisa anayeshika ufunguo wa sanduku la posta, alikwenda Kitui kwenye harusi ya dada yake na ufunguo ukaenda naye, shingoni. Wiki mbili. Simu ya Saado nayo ililia kwa sababu mwenye duka alikuwa uwanjani anatazama mpira. Kwa hiyo tuliifikia ile Jumamosi ya tarehe 31 katika ujinga wetu mkamilifu, saba kwa saba, na GS kifuani.

Bi Wakiuru alifika saa nne asubuhi, na faili kwapani. Bwana Lusweti alikuwa ametangulia, na tai nyekundu, na fundi mmoja mwenye nyundo amesimama nyuma yake. Mtaa wote ulikuwa umejaa ukutani. Nilipiga firimbi, ikatoa pumzi tu. Nikapiga tena.

Watoto walicheza kama malaika. Kawsar alimpa Keynan, Keynan akasimama, moja mbili tatu, akamrudishia, ukaenda kulia, ukaenda kushoto, ukaingia ringini bila kugusa popote. Watu wakashangilia. Nikamtazama Bi Wakiuru kwa pembe ya jicho, nikaona anatikisa kichwa kidogo kidogo kama mtu anayesikia wimbo wa zamani.

Ndipo Bwana Lusweti akapasuka.

"Madam, hii si basketi!"

Nikaitoa firimbi mdomoni.

"Ni nini basi?" Bi Wakiuru akamuuliza.

"Hii ni netiboli! Tena ya shule ya msingi! Hakuna mtu anadunda! Ringi haina ubao! Wako saba! Mimi nimecheza basketi shule ya upili miaka minne, siwezi kudanganywa. Nimevumilia wiki mbili nikipita hapa, imenikera mpaka silali."

Nilitamani saruji ifunguke. Nikageuka kuwatazama watoto, na wote walikuwa wanatazama chini, isipokuwa Keynan. Yeye alikuwa anatabasamu. Wiki hizi zote alijua, Muoki. Wote walijua. Walininyamazia kwa sababu ya mpira na uji, na Kawsar ameniambia baadaye kwamba hawakutaka kuniaibisha.

Keynan akauchukua mpira, akamfuata Bwana Lusweti mpaka mbele ya tai yake, akauliza kwa adabu zote: "Sasa mdosi, si utuonyeshe? Mathe hajui, na sisi tunataka kujua."

"Nionyeshe nini, mimi niko kazini."

"Kidogo tu. Vile mlikuwa mnafanya shule."

Bwana Lusweti akaushika ule mpira, akaugeuza. Nafikiri hakuwa ameshika mpira miaka kumi. Akaudunda mara moja. Akaudunda tena. Akamtupia fundi wake koti. Mwanangu, yule mtu alianza kudunda kati ya miguu, nyuma ya mgongo, akawapita watatu, akaruka, akakosa kwa sababu hapakuwa na ubao, akakasirika kweli kweli, akasema tena! Viatu vinateleza, akavivua. Akacheza na soksi. Akawapanga watano watano, akamfokea Keynan kuhusu miguu, akamwambia Kawsar, "Wewe mrefu, kaa karibu na ringi!" Watoto nao hawajui kudunda lakini kupasa wanajua, wakamzungusha yeye katikati mpaka shati likatoka kwenye suruali, na bado anacheka. Hata fundi mwenye nyundo aliiweka chini akaingia.

Dakika ishirini hivi. Kisha Bi Wakiuru akafungua faili juu ya goti, akatoa kalamu.

"Bwana Lusweti," akasema, "nimeona kiwanja kinavyotumika kwa basketi. Nikuandike wewe mchezaji wa ngapi?"

Alisimama katikati ya saruji na soksi zake, jasho linamtiririka, mpira mkononi. Nilimwonea huruma kidogo. Bi Wakiuru akaandika, akapiga sahihi, akamwita fundi ang'oe vigingi. Alipokuwa anaondoka alininong'oneza kwamba yeye alicheza netiboli, WA, mkoa mzima, na kwamba watoto wangu wana mikono mizuri.

Mimi nilikalia ndoo ya uji nikalia. Nililia kama niliyefiwa, na Saado akanishika mabega, naye analia, na Nzau amesimama na mwiko hajui amshike nani. Mzigo wa miezi mitano ulinitoka kifuani wote kwa mara moja. Uwanja ni wetu, Muoki. Karatasi ninayo, nimeifunga kwenye kitambaa ndani ya Biblia.

Juzi nilipoisoma barua yako nilishikwa na hofu iliyokwishapita, halafu nikacheka mpaka baba yako mdogo akaja kuangalia. Kwa hiyo madaha yako yalikuwa ndiyo mchezo. Nisamehe. Nilikunyima chakula cha usiku mara nyingi kwa ajili yake.

Ulisema nisikuulize. Sikuulizi. Naweka kalamu chini hapa ili nisikuulize.

Mama yako mdogo,
Nthoki


Mombasa,
20 Oktoba 1996

Mwaitu,

Nawasalimu wote, na hasa Keynan. Barua yako nimeisoma mara nyingi, kazini pia, mpaka wenzangu wakataka kujua ninacheka nini. Niliwasomea ile ya soksi. Tangu Agosti nilikuwa nikishindwa kula vizuri nikiamini nimekupotezea uwanja kwa sentensi moja ya uvivu. Sasa nakula.

Wenzangu wa kazini. Umeona nimeandika kazini, sikuandika timu. Sina timu, mama.

Nilicheza mechi tisa. Mwaka ule ule nilioondoka, goti la kushoto likavimba, nikapumzishwa, na mwaka ulipoisha wakanishukuru kwa barua nzuri yenye mhuri. Tangu hapo mimi ni karani wa godauni huku Changamwe. Naandika magunia yanayoingia na yanayotoka. Ni kazi ya halali na wananiheshimu. Goti limepona, haliumi tena hata nikipanda ngazi. Ningeweza kuja nyumbani wakati wowote.

Lakini kila nilipofikiria kuja niliona raba. Niliona Magan amepiga magoti ananifunga kamba, na wewe umevaa nguo ya kanisani siku ya Jumanne. Nirudi niwaambie nini? Mechi tisa? Nikasema nitakuja nikishapata timu nyingine. Halafu nikasema mwakani. Halafu ikawa miaka sita, na mama yangu analala kaburini sijampalilia.

Raba zipo. Nimezihifadhi chini ya kitanda ndani ya gazeti, na kila mwezi nazitoa juani zisipate ukungu, maana unyevu wa huku hauna huruma. Nimempa Muasya akuletee. Mrudishie Magan kwa niaba yangu na umwombe radhi. Labda pana kijana mwenye mguu wa namna hiyo.

Sasa umejua. Nimeogopa barua hii kwa miaka sita, na kumbe imeandikika kwa nusu saa. Usiponijibu nitaelewa.

Muoki


Nairobi,
10 Novemba 1996

Mwanangu Muoki,

Nzau anakusalimu. Amepiga ubao wa ringi kwa mbao za mninga, ameulainisha kama kinyago, na pembeni amechonga twiga mdogo ambaye hakuna aliyemwomba. Kawsar ameota tena sentimita mbili. Ndindi sasa ananiachia mimi ufunguo wa posta.

Bwana Lusweti anakuja Jumamosi. Aliacha kazi kwa yule tajiri, au aliachishwa, hasemi. Lakini ni mwalimu mbaya, anafoka na hapasi.

Kwamba huchezi nimejua tangu 1992. Muasya alipeleka mzigo kwenye godauni lenu akakukuta na kalamu sikioni. Alirudi akaniambia, na mimi siku hiyo nilimshukuru Mungu, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba huna kazi, au u mgonjwa, au umepotea kabisa. Nikamfunga Muasya mdomo, ndiyo maana hawezi kunywa chai kwangu. Nikasema Muoki akichoka kuubeba atautua mwenyewe. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini hakuna anayemvua mwenzake kwa nguvu. Kosa langu ni hizo raba. Nilikuwa nikizitaja kila barua nikidhani nakuita. Sikujua nakufukuza. Hilo limeniuma, na nisamehe.

Sasa raba zenyewe. Nilizipeleka Gikomba mwenyewe Alhamisi, nikamwambia Magan kila kitu, mechi tisa, goti, magunia. Sikuficha. Alizitoa kwenye gazeti, akazipindua, akapitisha kidole gumba kwenye soli. Watu wa vibanda vya jirani wakakusanyika. Nilijiandaa kukutetea, na unajua ninavyoweza kutetea.

"Alhamdulillahi," akasema, "hazijaisha." Akazifunga kamba pamoja, akanivika mimi shingoni. "Mwambie sikumpa za Mombasa. Nilimpa za kuruka. Aje arukie hapa, tumwone."

Wote wakacheka, nikacheka nao, na nilitembea toka Gikomba hadi nyumbani na raba saizi kumi na tatu zikinigonga kifuani.

Ziko chini ya kitanda changu, kando ya mpira. Shule zinafungwa mwishoni mwa mwezi huu na kambi tunaifungua tena Desemba. Tangu Septemba nimeruhusu kudunda, nimetangaza kwa firimbi mbele ya wote, na anayedunda anapata uji mara mbili. Hawawezi, Muoki. Wanautazama mpira kama unauma. Nimewaharibu kabisa, watoto thelathini na wanne, na hakuna wa kuwatengeneza.

Kawia ufike, lakini usikawie zaidi ya hapo. Njoo.

Mama yako,
Nthoki